Pacha Aliyebaki

Baada ya mazishi, watu wa mtaa walipata taabu ya namna ya kumwita Mama Pacha. Jina hilo lilikuwa limemkaa miaka yote. Mtu akitaka shati lake linyooshwe vizuri, alielekezwa: nenda kwa Mama Pacha, kile kibanda chenye mlango wa buluu, utamkuta na pasi mkononi. Sasa pacha alikuwa amebaki mmoja, na watu hawakujua kama jina bado linafaa. Wateja walifika mlangoni na mafurushi yao, wakaanza, "Mama Pa…" kisha wakameza mate na kumalizia, "Mama, hujambo?" Yeye aliitikia kwa kichwa, akapokea nguo, akatenga nyeupe kando na za rangi kando.

Pacha hao walikuwa wasichana wa miaka ishirini na mmoja, wanaofanana mpaka kero. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Mkubwa. Mwenzake, aliyetoka kabla mkunga hajanawa mikono, aliitwa Mdogo. Baba yao, fundi wa kupiga lipu, alipoletewa habari alimwambia mkunga, "Angalia vizuri, dada, isije ikawa ni yuleyule umenionyesha mara mbili." Utani huo aliurudia katika kila sherehe mpaka watoto wenyewe wakawa wanauzibia masikio.

Njia ya kuwatofautisha ilikuwa moja tu. Mdogo alikuwa na kovu juu kidogo ya kiwiko cha kushoto, limechongoka kama ncha ya pasi. Alilipata alipokuwa anajifunza kutembea. Mama yake alikuwa ameweka pasi chini ili ampokee mteja, na mtoto akaja akaiegemea. Tangu hapo walimu, majirani na hata baba yao walipochanganyikiwa walisema, "Hebu nionyeshe mkono," na wasichana wakacheka, wakapandisha mikono ya nguo.

Mdogo hakuugua muda mrefu. Alilalamikia tumbo, akapewa chai ya tangawizi, akaambiwa apumzike. Walipomfikisha hospitali, madaktari walisema utumbo umetoboka. Alipasuliwa, akazinduka, akaomba maji, akamwuliza mama yake kama zile sare za kwaya zimeshapigwa pasi. Jioni yake akafa. Mkubwa hakuwapo. Alikuwa amerudi nyumbani kuchukua shuka safi, na aliporudi na shuka lake kifuani, alikuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa.

Shida aliyobaki nayo Mkubwa ilikuwa uso wake.

Siku ya kwanza alipotoka kwenda dukani, mama muuza maziwa alimwona anakata kona, akapiga ukelele, "Yesu wangu!" Ndoo ikamponyoka, maziwa yakatapakaa njiani. Mkubwa alikimbia kumwokotea ndoo.

"Samahani, mama," alisema. "Ni mimi."

"Mimi nani?" muuza maziwa aliuliza, bado ameshika kifua.

"Mkubwa."

"Ah. Kumbe wewe." Na katika lile "kumbe wewe" mlikuwa na kitu kama kuvunjika moyo. Muuza maziwa hakukusudia, lakini Mkubwa alikisikia, akaenda nacho nyumbani.

Kuanzia hapo alijifunga kitambaa mpaka karibu na nyusi. Akawa anapita njia ya nyuma, kwenye mitaro, ili asiwashtue watu. Fundi wa lipu aliona, akajaribu kutania: "Mwanangu, unajificha kama mtu anayedaiwa." Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe hakucheka.

Watu wa mtaani wangezoea. Aliyeshindwa kuzoea ni mama.

Mama Pacha hakumchukia binti yake, na mtu asifikiri hivyo. Tatizo lilikuwa kwamba kila Mkubwa alipoingia mlangoni, moyo wa mama uliruka: huyo hapo, amerudi! Ulikuwa mruko wa kufumba na kufumbua, kisha moyo ukaanguka tena mpaka chini kabisa. Asubuhi ulianguka, mchana ukaanguka, na wakati wa kula ukaanguka tena. Kwa hiyo akajifunza kutomtazama. Alimpakulia chakula akiangalia sufuria. Alimjibu akiangalia nguo. Mkubwa akimwambia, "Mama, mkaa umeisha," yeye aliongea na gunia la mkaa.

Usiku hakulala, na mchana alipiga pasi kama mtu anayegombana na kitambaa. Mteja mmoja, karani wa mahakama, alirudisha suruali kwa sababu ilikuwa na mistari miwili mguu mmoja. Akaiweka mezani mbele ya wateja wengine, akasema, "Kama kazi imekushinda, mama, si useme?" Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kurudishiwa nguo. Aliipokea, akailowesha, akaianza upya, na machozi yakawa yanachuruzika juu ya pasi na kukauka kwa mlio mdogo, tss, tss, kabla hajayafuta.

Mwinjilisti wa kanisa lao alikuja kumfariji. Alikuwa kijana mwema, mwenye soksi safi na maneno aliyofundishwa.

"Mama, Mungu amempenda zaidi," alisema.

"Na mimi nilimpenda," Mama Pacha alijibu.

"Ni kweli, lakini tunaamini yuko mahali pazuri."

"Hata hapa kwangu palikuwa pazuri, mwanangu. Alikuwa na kitanda chake."

Mwinjilisti alitazama soksi zake. Alipoondoka, fundi wa lipu alimwambia mkewe kwa upole, "Mama watoto, umemwonea kijana wa watu."

"Najua. Kesho nitamwomba radhi. Lakini, baba watoto, nimeimba ufufuo tangu nikiwa msichana. Nimeuimba kwa sauti ya kwanza na ya pili. Sikujua kwamba siku moja nitatakiwa kuukalia kama kiti, nione kama utanibeba."

*

Jambo lililoleta balaa lilitokea siku ya mvua. Mkubwa alikuwa amelowa, hana nguo kavu, akavaa sweta la marehemu lililokuwa kwenye kamba ya chumbani, akaingia kibandani kumsaidia mama kukunja mashuka. Alikuwa amevua kitambaa kichwani ili kikauke. Mama Pacha aligeuka, akaliona sweta, akauona ule uso wote, wazi, unatoa maji ya mvua.

Hakujijua alivyovuka kibanda. Alimshika binti mkono wa kushoto, akauvuta.

"Nionyeshe mkono!" alisema. "Nionyeshe mkono!"

Akalipandisha sweta mpaka juu ya kiwiko. Ngozi ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo. Aliutazama mkono ule kwa muda, akapitisha kidole gumba mahali ambapo kovu lingekuwa. Kisha akauachia, kama mtu aliyeshika kitu cha mwenyewe kwa makosa.

Mkubwa aliushusha mkono wa sweta. "Ni mimi, mama," alisema. "Samahani."

Mama Pacha alirudi mezani, akashika pasi, akainamia shuka. Baadaye, alipojaribu kueleza, alisema kwamba kifo kile alikuwa amekivumilia kwa shida, ila hilo "samahani" lilimshinda. Mtoto wake alikuwa anaomba radhi kwa kuwa hai.

Lakini siku ile hakulisema hilo, na Mkubwa aliondoka kibandani akiwa na uamuzi. Baba yake aliporudi kutoka kazini, saruji bado imemganda kwenye nyusi, alimkuta uani anaongea kwenye simu.

"Shangazi, bado unatafuta mtu wa kukusaidia dukani? … Hapana, hawajanifukuza. … Ni bora tu nikae mbali kidogo. Mama akiniona anaumia."

Shangazi, dada mkubwa wa fundi, alikaa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Walikubaliana Mkubwa aende baada ya Jumapili.

Fundi aliingia ndani bila kunawa. "Unajua mtoto anaondoka?"

"Nimesikia," mkewe alisema.

"Na utamwacha?"

"Nifanye nini? Nikimtazama nakufa. Nisipomtazama, yeye ndiye anayekufa. Labda kwa wifi atapata mtu wa kumtazama."

Fundi aliketi juu ya ndoo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini yale aliyoyahitaji hayakuwa mengi. "Tumezika mmoja, mke wangu. Nakusihi, huyu tusimpeleke kituo cha basi kama tunampeleka makaburini."

*

Kanisani kwao vijana walisoma Maandiko kwa zamu. Pacha walikuwa wasomaji wazuri, wakipokezana kila zamu ya nyumba yao ilipofika: safari hii Mkubwa, ile nyingine Mdogo. Jumamosi mzee wa kanisa alipita nyumbani, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. Katika orodha ya mwaka ilikuwa zamu ya marehemu, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Alikuja kusema kwamba atatafutwa mwingine.

"Asome mwingine," Mama Pacha alisema haraka.

"Nitasoma mimi," Mkubwa alisema kutoka jikoni. "Ni zamu yake. Nitamshikia."

Jumapili, Mkubwa alipopanda mbele, alikifungua kitambaa chake kwanza, kwa sababu mzee wa kanisa alimnong'oneza kwamba kimeshuka mno, hataona maandishi. Watu walishtuka. Mama Pacha, kwenye benchi la tatu kando ya mumewe, aliinamisha macho kwenye mikono yake.

Somo lilikuwa la jioni ile wanafunzi walipojifungia kwa woga, na Bwana wao aliyezikwa akaja akasimama katikati yao. Mkubwa alisoma vizuri, taratibu, akipumua panapostahili. Kisha akafika mahali panaposimuliwa habari za Tomaso. Kila Mkristo anaijua sehemu hiyo. Wengi humkumbuka Tomaso kwa ubishi wake, wakasahau kwamba Maandiko yanamtaja na jina lake la nyumbani: aitwaye Pacha. Na kwamba Bwana alipokuja mara ya kwanza, huyo Pacha hakuwapo.

Mkubwa aliyatamka maneno hayo, akanyamaza.

Kanisa lilingoja. Mtu alikohoa. Mkubwa alikuwa ameukazia ukurasa macho, midomo inacheza, sauti haitoki. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya msomaji tena, akasema, "Na mimi sikuwapo. Nilikwenda kuchukua shuka."

Mwinjilisti alianza kuinuka ili ampokee kitabu. Mama Pacha alikuwa amemtangulia. Watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba hawakumwona akisimama, walimwona tu akiwa njiani, na khanga inaburuta nyuma. Alipanda mbele, akasimama kando ya binti yake. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso, akautazama. Aliutazama kama mtu anayekunywa maji baada ya safari: paji, nyusi, macho yaliyojaa, pua ya baba yake, mdomo. Moyo wake uliruka kama kawaida yake, huyo hapo! Safari hii hakuukimbia. Aliuacha uanguke, na ulipoanguka, alimkuta Mkubwa bado amesimama palepale.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Usiishie hapo. Hapo siyo mwisho wake."

"Siwezi, mama."

"Unaweza. Nimekushika."

Na Mkubwa akasoma, sauti inakatika na kuungana, mkono wa mama ukiwa mgongoni mwake. Akasoma jinsi Pacha yule alivyokataa kuamini mpaka aone alama za misumari. Akasoma jinsi Bwana alivyorudi kwa ajili yake, bila kumkaripia kwa kutokuwapo, akamwonyesha mikono. Mama Pacha alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utotoni, akayafundisha, akayaimba. Siku ile, amesimama mbele za watu na khanga yake ya vumbi, alisikia mengine ndani yake.

Walipomaliza, kanisa halikujua liitikie nini. Ni fundi wa lipu aliyeanza kusema "Amina", kwa sauti iliyopasuka, na wengine wakafuata.

*

Mchana ule Mkubwa alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo. Mama yake aliingia akaketi ukingoni mwa kitanda kingine, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba.

"Alimwonyesha mikono," Mama Pacha alisema.

Mkubwa aliacha kukunja.

"Fikiria, mwanangu. Amefufuka. Kifo amekishinda, mwili ni mpya, milango imefungwa na yeye anaingia. Si angeweza kuyaacha yale makovu kaburini? Nani angemwuliza? Lakini alitoka nayo. Na ndiyo waliyomtambua nayo." Alipangusa pua. "Lile kovu la ndugu yako nimelilia miaka mingi. Ni mimi niliyeiweka pasi chini. Kila nilipomwogesha niliona uzembe wangu. Leo ndipo nimeelewa kwamba atafufuka nalo. Haliumi, haliaibishi, lakini lipo. Atakuwa Mdogo mwenyewe, siyo malaika fulani nisiyemjua. Nitamwona kwa mbali, na sitahitaji kumwuliza mtu."

"Na mimi ambaye sina kovu?" Mkubwa aliuliza. Alijaribu kuifanya iwe mzaha, lakini sauti haikumtii. "Mimi utanitambuaje siku hiyo?"

"Wewe sitaki kusubiri siku hiyo." Mama Pacha alimvuta akae karibu naye. "Nimekukosea. Umekaa nyumba hii miezi kama mgeni aliyekosea mlango, na ulikuwa umefiwa kuliko sisi wote. Mimi nimepoteza mtoto. Wewe umepoteza mtu uliyeanza naye tumboni."

Hapo ndipo Mkubwa alipolia. Alikuwa hajalia mbele ya mama yake tangu mazishini, asije akamzidishia. Alilia kwa sauti, mpaka fundi wa lipu, aliyekuwa mlangoni anajifanya anatengeneza bawaba isiyo na ubovu wowote, akaingia na bisibisi yake, akasimama tu hapo, akawawekea mikono vichwani wote wawili.

Alipotulia, Mkubwa aliuliza, "Unaamini kweli, mama? Siyo kwa sababu inauma?"

Mama Pacha alifikiri kabla ya kujibu, na heshima aliyopewa baadaye mtaani, nadhani, ilitokana na majibu yake ya namna hii. "Inauma, na ninaamini. Kuna saa ninaamini kidogo na kuumwa sana. Lakini angalia tunavyosema sisi wenyewe: fulani ametangulia. Mtu hatangulii kama hakuna wanaokuja nyuma. Ametangulia, nasi tuko njiani. Basi tutembee tukiwa tumeshikana, tusifike huko nikaulizwa, mwenzake ulimwacha wapi?"

Begi lilirudishwa chini ya kitanda. Shangazi alipigiwa simu, akagomba kidogo kwa sababu alikwishamtafutia Mkubwa godoro, kisha akalia, kisha akasema godoro halitaoza.

Uchungu haukuondoka. Kuna asubuhi Mama Pacha aliweka vikombe vya chai akazidisha kimoja, na siku hizo pasi ilikuwa nzito. Lakini alimtazama Mkubwa kila alipoingia. Kitambaa cha kichwani kikarudi kuwa pambo. Na mteja alipokuja akakwama, "Mama Pa…" yeye alimsaidia: "Malizia tu, ndugu yangu. Mama Pacha. Nina mabinti wawili. Huyu yuko nami, mwenzake ametangulia." Wengine walishtuka, wakadhani akili imemruka. Waliosikiliza vizuri walitoka pale kimya, furushi kwapani, na wapo waliorudi bila furushi, kukaa tu.

*

Mwaka haukuwa umeisha mama muuza maziwa alipofiwa na mumewe, mlinzi wa ghala, mwanamume mrefu aliyewasalimu watoto wote wa mtaa kwa saluti. Asubuhi moja yule mama alikuja mwenyewe kibandani, macho yamevimba, mkononi ameshika koti jeusi ambalo marehemu alilifungia ndoa. Lilikuwa limekaa miaka kwenye sanduku, limekunjamana vibaya.

"Mama Pacha," alisema, "najua una kazi nyingi. Wanamvalisha mchana. Piga mbele tu, na kola. Mgongo usijisumbue nao, ataulalia. Nani atauona?"

Mama Pacha alilipokea koti kwa mikono miwili. Mkubwa, aliyekuwa kwenye meza ya pili, aliacha mashati aliyokuwa akiyakunja, akaja kupuliza mkaa bila kuambiwa. Mama akalitandika koti, akanyunyiza maji, akapiga mbele: kifua, mifuko, kola, mikono. Alifanya polepole, akipitisha ncha ya pasi kuzunguka kila kifungo. Kisha akaligeuza. Akanyoosha mgongo juu ya meza, akatandaza kitambaa kibichi juu yake.

"Nimesema acha, mama," muuza maziwa alisema. "Unajichosha. Si atakuwa amelala?"

"Atalala, ndiyo," Mama Pacha alisema. "Na siku atakapoitwa asimame?"

Muuza maziwa alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Ajabu ni kwamba kilichomtoka kwanza kilikuwa kicheko, kifupi, kama cha mtu aliyeguswa ghafla, kabla machozi hayajakifuata.

"Mtu mrefu vile," Mama Pacha aliendelea, akiipima pasi kwa kuipitisha karibu na shavu lake. "Atasimama mbele ya umati wote huo, na walio nyuma yake watauona mgongo. Sitaki aaibike kwa sababu yangu."

Mkubwa alimsogezea muuza maziwa kiti, akaketi karibu naye, uso wake wazi, akamshika mkono. Na mama yake akainama, akaanzia chini kwenye pindo, akapanda na mshono wa katikati, bila haraka, mpaka mabegani.